Mwito wa Kijana Anayeweza Kukataa

Jumapili ya nne ya Pasaka, ile ya Mchungaji Mwema, Kanisa Katoliki huombea miito. Siku hiyo iliwekwa na Papa Paulo VI na kuadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1964. Kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Kashikishi na Nchelenge mjini hadi vigango vya mbali vya wavuvi, huadhimishwa kama kwingineko: mseminari au sista husimama mbele ya waumini na kusimulia safari yake, watoto huulizwa nani anataka kuwa padre, nani anataka kuwa sista, mikono huinuka, sadaka hukusanywa. Sina ugomvi na siku hiyo. Nina swali tu juu ya ile mikono. Mtoto wa miaka kumi anayeinua mkono anataka nini hasa? Na sisi tunaomwuliza tuko tayari kufanya nini na jibu lake kwa miaka kumi na mitano ijayo?

Ninachotaka kuwashauri wazazi, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wa upande huu ni jambo ambalo huenda likaonekana kinyume na nia yao. Anayetaka mapadre na watawa wa kweli kutoka Nchelenge aanze kwa kuwapa vijana wake njia nyingine za maisha. Awasaidie wawe na sababu ya kukataa. Kisha wale ambao, wakiwa na njia hizo mbele yao, bado wanaigeukia altare au nyumba ya watawa, awasindikize kwa subira ndefu. Pasipo hatua ya kwanza, hata askofu mwenye macho makali hawezi kutenganisha mwito na shida.

Anayelijua ziwa hili ataelewa kwa nini. Uvuvi ndio unaolisha wilaya, na uvuvi wenyewe umebadilika. Mpumbu, samaki mkubwa aliyekuwa akivuliwa kwa wingi alipopanda Mto Luapula kuzaa, aliadimika tangu katikati ya karne iliyopita, na leo familia nyingi huishi kwa chisense, dagaa wa Mweru, anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani asubuhi. Kazi ya kuanika, kugeuza na kufukuza ndege ni ya akina mama na watoto. Familia huhamahama kufuata kambi za uvuvi, na mtoto huhama nazo, daftari likibaki kwa shangazi. Malaria, ambayo Nchelenge ni kati ya maeneo yanayoumizwa nayo zaidi nchini Zambia, humwondoa darasani wiki baada ya wiki. Katika hali hiyo seminari ndogo kama ile ya Bahati huko Mansa inaonekana namna gani machoni pa mzazi? Ni bweni lenye ratiba, walimu wanaoingia darasani, taa ya kusomea jioni. Mzazi mwenye akili atamtaka mwanawe afike huko hata kama kijana hajawahi kuota amevaa kanzu. Hakuna dhambi hapo. Ila jimbo likipokea vijana kwa mlango huo peke yake, litakuwa limechuja wenye njaa ya shule na kuwaita wenye mwito.

Kwa hiyo tangazo la serikali ya Zambia la kufuta ada katika shule za umma, za msingi na za sekondari, kuanzia mwaka 2022, lina uzito katika mazungumzo ya miito kuliko mahubiri mengi. Baadhi ya watu wa Kanisa huona hofu hapo: kijana akipata sekondari bure, nani atakwenda seminari? Mimi naona kinyume. Kijana aliyekwisha kuona kwamba anaweza kuwa mwalimu, muuguzi katika hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo pale Kashikishi, au fundi, na bado akaja kwa paroko, amekuja na kitu ambacho mtoto wa kambini hakuwa nacho: amelinganisha. Basi parokia yenye fedha kidogo za miito isizifungie kwa mseminari peke yake. Imnunulie sare na vitabu binti wa sekondari bila kumwuliza kama atakuwa sista. Inaonekana kama kupoteza sadaka. Kwa kweli ndiyo njia nyofu ya kujua, miaka minne baadaye, kama neno lake ni lake.

Sheria ya Kanisa yenyewe inasimama hapa. Kanuni ya 1026 inamtaka anayepewa daraja takatifu awe na uhuru unaostahili, na inakataza kabisa kumlazimisha mtu, kwa namna yoyote na kwa sababu yoyote, apokee daraja. Sentensi hiyo hiyo inakataza pia kumzuia anayefaa. Wazazi wengi wanaikumbuka sehemu moja tu, kulingana na wanavyotaka. Kulazimisha kwenyewe si lazima kuwe kwa fimbo. Jumuiya inayomwita mtoto wa darasa la saba "padre wetu", bibi anayemwambia amekwisha kutolewa kwa Mungu, mfadhili anayekumbusha kila likizo kiasi alicholipa: wote hao hufunga mlango wa kutokea taratibu, bila kelele, na kwa nia njema.

Historia ya kanda hii inaunga mkono subira. Padre wa kwanza wa iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji, Stefano Kaoze, alitoka Marungu, nyanda za juu zilizo kaskazini-mashariki ya Mweru, kati ya ziwa letu na Tanganyika, katika watu wa Kitabwa ambao ndugu zao wako hadi leo upande wa Zambia. Alipadrishwa tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, Kirungu ya leo, baada ya miaka mingi ya masomo chini ya Wamisionari wa Afrika wa Askofu Victor Roelens. Kabla ya kupadrishwa alikwisha kuchapisha maandishi juu ya fikra za Wabantu. Uganda, seminari ilianza mwaka 1893, na mapadre wawili wa kwanza, Bazilio Lumu na Victor Mukasa, walipata daraja tarehe 29 Juni 1913, miaka ishirini baadaye. Zambia ilisubiri hadi 1946, alipopadrishwa John Lyamibaba. Wale wamisionari walikuwa na makosa yao, na baadhi waliamini muda mrefu mno kwamba Mwafrika hajawa tayari; ucheleweshaji wao haukuwa wote hekima. Lakini jambo moja walilijua: walikaa na kijana mmoja mmoja kwa miaka, wakamjua anavyokula, anavyokasirika, anavyoshindwa. Hakuna tangazo linaloweza kuchukua nafasi ya hilo.

Sasa nijibu wanaonipinga, na wa kwanza ni wale wanaosema nadai usafi usiokuwapo. Baadhi ya mitume wenyewe walikuwa wavuvi waliotumaini viti vya heshima. Kwa nini kijana wa Nchelenge asiingie kwa sababu ya shule halafu Mungu amgeuze njiani? Hoja hii ina nguvu, na ninaikubali nusu. Nia za watu huwa zimechanganyika, na anayesema nia yake ni safi tupu bado hajijui. Ndiyo sababu malezi ni marefu: mwanafunzi wa Zambia hupita mwaka wa kiroho Emmaus, Lusaka, kisha falsafa Mpima, Kabwe, kisha teolojia Mtakatifu Dominiko, Lusaka, na sheria inadai masomo ya falsafa na teolojia yasipungue miaka sita kamili. Miaka hiyo inaweza kuisafisha nia. Inaweza pia kuificha, iwapo kijana anajua kwamba akisema ukweli atarudishwa kwenye kambi ya dagaa mikono mitupu. Kinachoamua ni kama ana mahali pa kurudi. Mwongozo wa malezi ya kipadre uliotolewa na Roma mwezi Desemba 2016 unaweka mwaka wa maandalizi kabla ya falsafa kwa sababu za namna hii, ili kijana ajitambue kabla masomo hayajambeba. Tusiutumie mwaka huo kuziba mapengo ya Kiingereza tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wahubiri wengi hulipita haraka: ukoo. Wanasema Mwafrika hawezi kukubali mtoto asiyezaa. Kauli hiyo ni ya jumla mno. Kando ya Luapula na Mweru, ukiacha ukoo wa kifalme wa Mwata Kazembe unaofuata baba, watu walio wengi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Watoto wa mwanamume ni wa ukoo wa mke wake. Wanaoendeleza ukoo wake yeye ni watoto wa dada yake. Maana yake kijana wa kiume akiwa padre, ukoo wake haukatiki. Anabaki mjomba wa wapwa zake, na mjomba ana sauti. Wahamasishaji wa miito kutoka kwingine, waliozoea kumtuliza baba anayelilia mjukuu wa kiume, hufika hapa wakijibu swali ambalo halikuulizwa.

Swali lenyewe liko kwa binti. Katika ukoo wa mama, binti ndiye anayebeba kizazi. Akienda utawani, mama yake na wajomba zake wanatoa sehemu ya ukoo wenyewe, na nyumba yenye binti mmoja inatoa yote. Tunaposhangaa kwamba familia ileile iliyomshangilia mseminari inamnunia anayetaka kuwa sista, tunasahau hesabu hii. Ushauri wangu ni kwamba hesabu hiyo itajwe waziwazi. Asiambiwe mama kwamba imani yake ni haba. Aambiwe kwamba anaombwa kitu kikubwa, na kwamba Kanisa linalijua hilo. Na mazungumzo yasiishie kwa baba na mama waliofunga ndoa kanisani; mjomba, yama kwa Kibemba, asipokuwapo, ruhusa iliyotolewa haina miguu. Desturi inatupa na njia. Kijana anayetaka kuoa hutuma shibukombe, mshenga, kwa ndugu wa binti, naye huenda na kurudi mara nyingi kabla neno halijakubalika. Katekista mzee anayeheshimika anaweza kufanya kazi hiyo kati ya ukoo na shirika la watawa: kupeleka maswali, kurudisha majibu, kuwapa wajomba muda wa kukasirika na kutulia. Barua ya sista mlezi iliyotumwa kwa simu haiwezi.

Mwenye heri Anuarite Nengapeta wa Kongo hutajwa sana kwa ujasiri wa kifo chake tarehe 1 Desemba 1964. Napenda watu wakumbuke na mwanzo wake: alipanda lori lililokuwa likiwapeleka wasichana Bafwabaka bila mama yake kujua. Mama alikuja kukubali baadaye. Wahubiri hupenda kuigeuza habari hiyo kuwa kielelezo, na wasichana wa shule huipenda kwa sababu ina utoro ndani yake. Nisingeshauri iigwe. Mtawa aliyeondoka kwa siri hubeba deni ambalo nyumbani watamdai kila kunapokuwa na msiba au njaa, na shirika litajikuta likimlea binti mwenye moyo uliogawanyika. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 1985 kwa alivyoishi na kufa, si kwa lile lori.

Kuhusu mabinti nina neno jingine, maana tunawashauri vibaya zaidi kuliko wavulana. Mseminari wa jimbo ana njia inayojulikana na askofu anayemfahamu. Binti hupokea kijikaratasi chenye picha ya masista wanaotabasamu, kisha hupanda basi kwenda mji asioujua. Mzazi ana haki ya kuuliza, na asione haya. Shirika lina katiba iliyoidhinishwa na nani? Mlezi wa wanovisi ni nani, na amelea wangapi? Binti atasoma nini, na cheti kitakuwa kwa jina lake? Akiugua nani anatibu? Sheria inasema unovisi haufai kabla ya miaka 17, nadhiri za muda kabla ya 18, na za daima kabla ya 21, tena baada ya angalau miaka mitatu ya nadhiri za muda. Shirika linalofanya haraka kuliko hapo likimbiwe. Liulizwe pia litamtendeaje atakayeondoka. Kanuni ya 702 inasema anayetoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyofanya, ila inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo wa Kiinjili. Upendo huo una maana gani kwa shilingi, au kwa kwacha? Nauli tu? Mtaji wa cherehani? Shirika jema lina jibu. Na kama binti atapelekwa moja kwa moja jikoni mwa maaskofu na mapadre bila shule, huo si utawa bali ajira isiyo na mshahara, nami nasema hivyo nikijua baadhi ya wasomaji watakasirika.

Pingamizi la tatu huja kwa sauti ya chini: mapadre wenyewe wanatuvunja moyo. Kuna padre mlevi, kuna mwenye watoto wanaojulikana kijiji kizima, na kuna kosa baya kupita hayo, la kumdhuru mtoto. Mzazi anayemzuia mwanawe kwa hofu hiyo hastahili kukemewa. Anastahili kuonyeshwa ulinzi. Papa Fransisko, kwa waraka wa mwaka 2019 uitwao Vos estis lux mundi, alilitaka kila jimbo liwe na njia ya wazi ya kupokea malalamiko. Basi katika kila mkutano wa miito, kabla ya wimbo na ushuhuda, itajwe malalamiko yapelekwe kwa nani. Kambi za vijana ziwe na walezi wa kike na wa kiume, mabweni tofauti, na kijana asilale nyumbani kwa padre peke yake, hata padre awe mtakatifu kiasi gani. Parokia inayoona aibu kutaja haya haijawa tayari kuomba watoto wa watu.

Wengine husema Afrika haina haja ya maneno yote haya kwa kuwa tunao wengi. Ni kweli kwamba waseminari duniani walikuwa takriban 106,000 mwishoni mwa 2023 na wanapungua, huku Afrika ikiongezeka. Lakini wingi ndio unaoruhusu uchaguzi mzuri. Ulaya inayofunga seminari ina kisingizio cha kupokea yeyote anayebisha hodi, sisi hatuna.

Kuna kundi ambalo mwambao huu umepewa na wengi hawalihesabu. Tangu 2018, makazi ya Mantapala, ndani ya wilaya ya Nchelenge, yamewapokea Wakongo waliokimbia vita vya Haut-Katanga na Tanganyika, wengi kutoka Pweto na Moba, wanaosali kwa Kiswahili. Katika familia hizo kuna vijana waliokuwa watumishi wa altare, wengine wakiwa na mapadre au masista katika ukoo. Kuanzia mwisho wa 2021 baadhi wamerudi kwao kwa hiari. Wengine wako bado. Kijana wa namna hii huambiwa asubiri: huna cheti cha ubatizo, hujui Kibemba, hujulikani wewe ni wa jimbo gani. Majibu yapo. Cheti kinapokosekana, kanuni ya 876 inakubali ushahidi wa mtu mmoja asiye na shaka, au kiapo cha mbatizwa mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima, mradi hakuna anayedhulumiwa. Parokia ya Kashikishi inaweza kuandika kwa jimbo la Kilwa-Kasenga, ng'ambo ya ziwa, au Kalemie-Kirungu, kabla ya kumkatisha tamaa mtu. Na kanuni ya 1016 inamruhusu anayeomba ushemasi kuelekea jimbo la makazi yake au lile alilokusudia kulitumikia, hivyo jimbo la Mansa si lazima limkatae mzaliwa wa Pweto. Kibemba atajifunza, Kiswahili alicho nacho ni mali kwa jimbo linalopakana na Kongo maji kwa maji. Lakini kwake lile swali la uhuru linabana kuliko kwa mwingine yeyote. Mkimbizi anaweza kuona seminari kama hati ya kukaa. Asaidiwe kwanza karatasi zake na shule yake kama mkimbizi, tofauti kabisa na ombi lake la upadre, na watu wawili tofauti washughulikie mambo hayo mawili.

Wanaorudi nyumbani kutoka malezini nao wanahitaji fungu lao. Kila mwaka wapo wanaoacha seminari au unovisi, na mji mdogo wa wavuvi hauna siri. Huitwa waliofukuzwa, hata walioondoka wenyewe kwa busara. Jumuiya ndogo ndogo ingeweza kufanya jambo rahisi: siku ya kumuaga kijana anayekwenda, itamke mbele ya wazazi na mjomba kwamba akirudi atapokelewa, na mzazi aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Halafu, akirudi, apewe kazi: kufundisha watoto katekesi, kusoma masomo ya Jumapili, kushika daftari la kigango. Mdogo wake anayemtazama atajifunza kwamba mlango wa seminari una bawaba pande zote mbili, na atakapoingia ataingia bila woga.

Lini haya yote yafanyike? Uvuvi Mweru hufungwa kisheria kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Wanaume wako nyumbani, kambi zimepungua watu, shule hufungwa mwezi wa Desemba, na tarehe 1 ya mwezi huo ni kumbukumbu ya Anuarite. Jumapili ya Mchungaji Mwema, kwa upande mwingine, huangukia Aprili au Mei, wakati wavuvi wako majini na wajomba hawapatikani. Jimbo lisiiache siku hiyo, ila kazi yenyewe ya kukaa na familia ihamie Desemba: katekista atembelee nyumba tatu, si thelathini, awe na orodha ya karatasi zinazotakiwa, aende na mwalimu wa sekondari anayeweza kueleza chuo cha uuguzi na cha ualimu kinaingiwaje, ili kijana asikie njia zote jioni hiyo hiyo, na katekista asiombe jibu kabla nyavu hazijarudi majini mwezi Machi.